Swali Lililotolewa Alhamisi

Kila Alhamisi, kabla ya kubonyeza, walisali.

Naliaka ndiye aliyeanzisha desturi hiyo, na hakuna aliyeikataa. Ofisi yao ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la mbegu na mbolea mjini Kakamega, chenye meza tatu na harufu ya mbolea iliyopanda nao ngazi kila asubuhi. Wakati wa kutoa toleo jipya ulipofika, kila mtu aliondoa mikono kwenye kompyuta. Naliaka alifumba macho na kuomba kwa sauti ya chini. Asiya, binti wa Mumias, alifungua viganja akaomba kwa namna yake. Kipyegon, kiongozi wao, ambaye kanisani alionekana Krismasi tu, alisimama ameinamisha kichwa, mikono mifukoni, kama mtu aliyejibanza barazani akingoja mvua ipite. Naliaka akisema amina, Kipyegon alibonyeza, na mabadiliko ya wiki hiyo yalikwenda kwenye simu za wanabodaboda wote waliojiandikisha nao, kutoka Navakholo hadi Likuyani.

Programu yao iliitwa Tumfikishe. Kazi yake ilikuwa moja. Mama mjamzito akishikwa na uchungu, apige namba fulani bila malipo, na programu imtafutie pikipiki ya kumpeleka zahanati. Hakuhitaji simu ya bei kubwa. Hata ile ndogo ya vitufe ilitosha, kwa sababu mhudumu wa afya wa kijiji alikuwa amemwandikisha mapema, na mashine ilishajua anakaa wapi.

"Toleo dogo, kosa dogo," Kipyegon alipenda kusema.

Zamani walikusanya mabadiliko ya miezi kadhaa wakayatoa kwa mpigo, na kila mara kitu kiliharibika wasijue ni kipi kati ya vingi walivyogusa. Ndipo wakaanza kutoa kidogo kidogo, kila wiki. Kitu kikiharibika, wanajua ni kile cha juzi, na wanarudisha toleo lililotangulia kabla chai haijapoa. Naliaka aliipenda njia hiyo. Alikuwa ameshona sare za shule sokoni miaka mingi kabla ya kusomea kompyuta jioni, darasani na vijana waliomwita kukhu, yaani bibi, kwa utani, na alijua tofauti ya kurekebisha mshono mmoja na kufumua gauni zima. Tena aliona kwamba ndivyo Mungu alivyomtendea yeye. Hakumbadilisha siku moja. Alimrekebisha kidogo leo, kidogo kesho, wala hakuchoka.

Mwaka huo alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuiombea Tumfikishe. Mdogo wake Nasambu, aliyeolewa Navakholo, alikuwa mjamzito.

Nasambu alikuwa amepita miaka arobaini. Mtoto wake wa mwisho alipozaliwa, damu ilikataa kusimama, na ilibidi aongezewe ya watu wengine. Muuguzi alimwambia waziwazi kwamba akibeba mimba tena asithubutu kuzalia nyumbani, na uchungu ukianza asikae kungoja uzidi. Mumewe Protus alikuwa mlinzi Nairobi, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo kati ya Nasambu na zahanati kulikuwa na barabara ya murram isiyo na lami, mteremko mmoja mbaya, na ile namba ya simu.

Siku mhudumu wa afya alipokuja kumwandikisha, Naliaka alikuwa amemtembelea. Nasambu alikuwa ameketi kwenye mkeka akipukusa mahindi. Alijibu maswali bila kuinua kichwa: jina, umri, mimba ya ngapi.

"Kuna mwanabodaboda ambaye huwezi kupanda pikipiki yake?" mhudumu akauliza, akisoma kwenye simu.

Nasambu aliyatazama mahindi kwanza. "Sifuna," alisema.

Sifuna alikuwa mume wa Nelima, binti yake wa kwanza. Kituo chake kilikuwa pale njia panda, na hakuna mwanabodaboda aliyekuwa karibu kuliko yeye. Lakini alikuwa mkwe. Kwao mkwe hamshiki mkono mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hamwangalii usoni, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye mahindi mpaka mwingine apite. Kuketi nyuma yake, kifua kimegusa mgongo wake, huku umeshikwa na uchungu wa kuzaa, ni jambo ambalo watu hawakuwa hata na neno la kuliita.

Naliaka alicheka. "Nasambu, wewe si umeokoka? Bado unakimbianga mkwe?"

"Nimeokoka, dada. Lakini macho sijatolewa."

"Kristo alishayamaliza hayo."

"Basi mwambie Sifuna aje siku hiyo anishikie pazia." Mhudumu alicheka mpaka akaweka simu chini. Nasambu naye alicheka, kisha akavuta leso juu ya tumbo. "Mimi nina aibu ya kutosha. Binti yangu ananyonyesha, na mimi nimebeba. Huyo kijana akipita hapo nje najifunika shuka hata kama jua ni kali. Mwandike tu."

Mhudumu aligusa jina la Sifuna kwenye simu, nalo likageuka rangi ya kijivu, alama kwamba asitumwe kwake. Ilikuwa ni kugusa mara moja tu.

Naliaka alipoaga alimshika mdogo wake mabega. "Ukianza kusikia chochote, usingoje. Piga tu. Ile kitu ni mimi naitengeneza. Haiwezi kukuacha."

"Sawa, mwalimu," Nasambu akasema kwa utani.

Mvua za masika zilianza. Mahindi yakapanda juu ya magoti, halafu juu ya kichwa.

Wiki ambayo mambo yaliharibika, Naliaka alikuwa na kazi iliyomshinda. Alitakiwa kuifundisha programu kuzikwepa barabara zinazofurika mvua ikinyesha, na kila alipodhani amemaliza, ilimpeleka mtu mtoni. Jumatano ilifika na hakuwa na kitu mkononi. Hakuna mtu aliyemgombeza. Lakini Alhamisi ilikuja kama inavyokuja siku zote, na kila mmoja aliweka mezani alichomaliza, hata kama ni kubadilisha neno moja. Mikono mitupu ilimuuma. Bado alijihisi mgeni katika kazi ile, kama mtu aliyekaribishwa karamuni akachelewa kufika.

Ndipo Kipyegon akaleta habari ya lile swali.

"Wanawake walioweka alama kwa wanabodaboda ndio wanaongoja sana kuliko wote," alisema. "Kuna mahali mama ameweka alama kwa nusu ya wale walio karibu. Anaumwa, na sisi tunamtafutia mtu wa mbali. Tena wahudumu wanalalamika. Wakifika hapo kwenye hilo swali mwanamke ananyamaza, kwa sababu jirani anasikiliza. Tukilitoa, tunamtuma aliye karibu, basi."

Asiya alikuwa akizungusha kalamu. "Hata kwetu mwanamke hapandi na yeyote tu," alisema. "Mimi ningeuliza kwanza."

"Ndiyo nauliza." Kipyegon alimgeukia Naliaka. "Mama, wewe ndiye wa huko. Hili ni jambo la kweli, ama ni aibu tu?"

Naliaka alimwona mawazoni Nasambu akijifunika shuka juani. Akaona haya kidogo, kama mtu ambaye wageni wamefika na ukuta wa nyumba yake haujakandikwa. Alikuwa ameshuhudia mara nyingi kanisani kwamba mambo hayo yamekwisha. Alikuwa amewaambia akina mama wengine hivyo hivyo, na walikuwa wameitikia amina.

"Ni mambo ya kale," alisema. "Mtu akiwa na uchungu haangalii ni nani anaendesha. Na watu wengi siku hizi wameokoka."

"Unaweza kulitoa kufikia kesho?"

"Hata leo."

Ilikuwa kazi nyepesi, na aliifanya kwa furaha. Alilitoa swali. Alizizima zile alama ili programu isizitazame tena. Kulikuwa na kitufe kwenye simu za wanabodaboda, cha kumpa mwenzako safari usiyoweza kuifanya. Kitufe hicho kilikuwa kimeshonwa pamoja na zile alama, na alipovuta uzi mmoja, vyote vilitoka. Alikiona kikitoka. Aliona sasa hakina kazi. Majaribio yote yakapita bila kosa, kwa sababu kwenye majaribio walitumia wanawake wa kubuni na wanabodaboda wa kubuni, na hakuna aliyekuwa mkwe wa mwingine.

Alhamisi wakasimama. "Bwana," Naliaka aliomba, "kila mama afike." Alimtaja Nasambu kwa jina. Aliamini kabisa kwamba kuanzia saa hiyo mdogo wake atafikiwa upesi kuliko jana. Akasema amina, na Kipyegon akabonyeza.

Mambo ya Jumapili Naliaka aliyapata baadaye, mengine kwa Asiya, mengine kwa Mama Mukhwana, mjane aliyekuwa jirani wa Nasambu.

Simu ya ofisi walikuwa wakipokezana. Ijumaa mchana aliishika Naliaka ili Asiya aende msikitini, na Jumapili aliishika Asiya, nyumbani kwao Mumias, ili Naliaka azime simu yake na kuabudu kwa utulivu. Wote wawili waliupenda mpango huo. Mara nyingi walisema kwamba Mungu mmoja amewapa siku mbili.

Nasambu alishikwa na uchungu kabla ya adhuhuri, watoto wakiwa bado kanisani. Hakungoja, maana alikuwa ameambiwa asingoje. Alipiga ile namba, na ujumbe ukarudi kwamba pikipiki inakuja. Mama Mukhwana alimfungia nguo za mtoto kwenye leso, akafungua mwavuli, wakasimama mlangoni. Mvua ilikuwa imeanza. Wakasikia pikipiki ikija upesi, na Nasambu akasema, "Asifiwe Bwana."

Kisha akaitambua helmeti. Akarudi ndani akafunga mlango.

Sifuna naye hakuwa amejua. Simu ilimwonyesha njia; majina ya akina mama hayakuonyeshwa, ili siri zao zisitembee. Alidhani anakwenda nyumba ya pili. Alipoona simu inamwelekeza kwenye lango hilo alizima injini, akashuka, akaupa ua mgongo.

"Mama Mukhwana," aliita bila kugeuka, "waambie huko ndani mimi sikujua."

"Sifuna, ingia. Huyu mtu anaumwa."

Sauti ya Nasambu ikatoka nyuma ya mlango. "Asiingie. Mwambie aite mwingine."

"Mwingine yuko wapi, Nasambu? Si huyu ndiye amefika?"

"Mama Mukhwana, nakuomba. Si mbele ya huyu."

Sifuna alikuwa tayari anakitafuta kile kitufe. Wiki iliyopita kilikuwa chini ya namba ya safari. Alipekua simu yote, maji yakidondoka juu ya kioo, akaifuta kwa shati, akapekua tena. Alipiga simu kwa wenzake wawili wa pale kituoni, na wote walikuwa wamebeba watu wa kanisa. Ndipo akapiga ofisini.

"Madam," alimwambia Asiya, "mmenituma kwa mama mkwe."

Asiya alikuwa ndiyo kwanza ametandua mswala. "Kwani hakuweka alama?"

"Mimi sijui habari ya alama. Nataka kumpa mwenzangu na hakuna pa kubonyeza."

Asiya alifungua kompyuta. Safari ya Nasambu ilikuwa imewaka rangi ya kijani, kwa kuwa mwanabodaboda alikuwa ameshafika. Kwa mashine, kazi ilikuwa imekwisha na mama alikuwa amepata msaada. Asiya alijaribu kuifungua upya, na haikufunguka. Alimpigia Naliaka, na simu ilikuwa imezimwa. Alimpigia Kipyegon, aliyekuwa kwao Likuyani.

"Piga kwa mwanabodaboda mmoja mmoja," Kipyegon alisema, akihema kama anayekimbia. "Mimi naingia nyumbani nirudishe toleo la zamani. Lakini huku stima imepotea, na kompyuta sijui kama ina chaji."

Wa kwanza aliyepigiwa na Asiya alikuwa mjini. Wa pili hakupokea. Wa tatu alisema anakuja, lakini ule mteremko ulikuwa umegeuka utelezi, na itabidi aisukume pikipiki kwa mkono. Asiya alimpa jibu hilo Sifuna. Baada ya muda Sifuna akapiga tena.

"Amefika wapi?"

"Yuko njiani, kaka."

"Madam, Mama Mukhwana anasema kuna damu."

Asiya alisimama. "Basi mbebe wewe. Kaka, nakuomba kwa Mungu, mbebe. Mungu atasamehe."

"Mungu najua atasamehe," Sifuna akasema. "Ni yeye mwenyewe amekataa. Nikisogea mlangoni anaingia chini ya kitanda."

Kwa hiyo walingoja. Sifuna alisimama langoni ameupa mlango mgongo, mvua ikimpiga, akitazama upande wa mteremko. Mama Mukhwana alikuwa ndani, akibembeleza, kisha akigomba, kisha akiomba. Alimwambia Naliaka baadaye kwamba Nasambu hakuwa akibisha kwa kiburi. Alikuwa akitetemeka. Alikuwa akisema, "Hata mimi najua ni ujinga. Najua. Mwambie asogee kidogo tu, nitatoka." Sifuna aliposogea mpaka barabarani, Nasambu alisimama, akafika mlangoni, akaiona pikipiki, akarudi tena.

Mwanabodaboda wa tatu hakuwa ametokea wakati Nasambu alipoishiwa nguvu za kukataa. Mama Mukhwana alimfunika leso kichwani na usoni ili asione ni nani anayemwinua, na Sifuna aliingia akamwinua, naye akiangalia dari. Walimweka katikati. Mama Mukhwana alikaa nyuma akamkumbatia. Sifuna aliendesha kwenye ule utelezi bila kuanguka, na kila mtu aliyeiona barabara ile siku hiyo alishangaa.

Mtoto alizaliwa punde tu walipofika zahanati. Alikuwa msichana, na alilia mwenyewe bila kupigwa. Ile damu haikusimama. Muuguzi alifanya alichoweza, wakapata gari la kumpeleka hospitali kubwa mjini, na Nasambu akafa kabla gari halijashika lami.

Naliaka aliwasha simu yake nje ya kanisa, watu wakisalimiana chini ya miavuli. Ilianza kutetemeka mkononi na haikuacha. Alipompigia Asiya, Asiya alisema tu, "Dada, tafuta mahali pa kukaa kwanza."

Jumatatu Kipyegon alirudisha toleo la zamani. Lilirudi lote: swali, alama, kitufe. Alipomaliza, chai ambayo Asiya alikuwa amewamiminia ilikuwa bado inatoa mvuke. Wote watatu waliuona ule mvuke, na hakuna aliyekunywa.

"Mimi ndiye niliyeuliza," Kipyegon alisema.

"Na mimi ndiye niliyejibu," Naliaka akasema.

Asiya hakusema kwamba yeye alikuwa ametaka akina mama waulizwe kwanza. Hakusema siku hiyo, wala siku nyingine yoyote. Alivuta kiti chake karibu na cha Naliaka, akageuza kompyuta yake upande.

"Kuna kitu unapaswa kukiona," alisema. "Sitaki ukione peke yako."

Lilikuwa jina la Nasambu, na chini yake majina ya wanabodaboda wa Navakholo. La Sifuna lilikuwa la kijivu. Naliaka hakuwa ameifuta ile alama. Kufuta kungechukua muda, na Alhamisi ilikuwa karibu, kwa hiyo aliiacha palepale na kuiambia programu isiitazame. Siku zote hizo, na Jumapili yote, neno la mdogo wake lilikuwa limekaa ndani ya mashine, vilevile alivyolisema akiwa na mahindi mapajani.

Naliaka aliligusa kwa kidole kwenye kioo. Kisha akainuka akaenda kusimama ngazini, kwenye harufu ya mbolea, na akajaribu kuomba. Maneno yalikuja, maana maneno ya maombi alikuwa nayo mengi, lakini kila alipofika kwenye jina la Nasambu alikuta hajui anaomba nini.

Alhamisi ilikuja. Kulikuwa na kitu kidogo cha kutoa. Kipyegon alikuwa ameikamilisha ile kazi ya barabara zinazofurika, na Likuyani kulikuwa na daraja lililosombwa na maji. Wakaondoa mikono kwenye kompyuta, wakasimama. Kipyegon aliitoa mikono mifukoni, jambo ambalo hawakuwahi kumwona akilifanya. Asiya alifungua viganja. Wakamngoja Naliaka.

Alifungua kinywa. Neno lililokuwa tayari ulimini lilikuwa lile lile, kila mama afike. Akakifunga.

Chini dukani mtu alikuwa akiulizia mbegu za mboga. Walimsikia akiuliza, wakamsikia akijibiwa.

"Kuna akina mama Likuyani wanaihitaji hii," Kipyegon alisema polepole, kama anayeomba ruhusa. Akabonyeza. Kompyuta ikaandika kwamba kila kitu kimekwenda sawa.

Nasambu alizikwa Jumamosi, nyuma ya nyumba. Mvua ilikuwa imeacha, na mahindi yalisimama marefu pande zote. Protus alikaa mbele, bado na sweta ya kazi, akimwangalia kila mtu kana kwamba mmoja wao atamweleza. Mchungaji alihubiri vizuri. Alisema kwamba marehemu alikuwa mama wa imani.

Sifuna hakuingia uani. Wazee wa ukoo walikuwa wamesema kwamba, kwa kuwa amemshika mama mkwe wake na kumwona katika hali ile, lazima kondoo achinjwe na watu wakutanishwe kabla hajakanyaga pale tena. Walisema bila ukali. Walimsifu hata, kwamba amefanya kazi ya kiume. Lakini walisema. Kwa hiyo alisimama nje ya ua, kwenye shamba la jirani, na watu waliokwenda kunawa mikono walimwona kati ya mabua, akiwa na koti la mvua ingawa mvua haikuwepo.

Naliaka alikuwa ameliombea jambo moja wiki nzima, na hilo angalau alijua jinsi ya kuliomba. Alitaka kwenda kwa Sifuna mbele za watu na kumshika mkono. Kwa vile alikuwa dada ya Nasambu, yeye pia alikuwa mama mkwe. Angemshika mkono, wote waone, na ile aibu iliyomuua mdogo wake ingevunjwa pale pale na mtu mwenye haki ya kuivunja. Alisubiri watu wapewe chakula. Kisha akatembea mpaka kwenye ua.

"Mulembe, Sifuna."

"Mulembe, mama." Alijibu akiangalia mahindi.

"Mtoto anaendeleaje?"

"Ananyonya. Nelima anawanyonyesha wote wawili. Huyu wa mama ndiye mlafi, mwenzake anabaki analia." Alitaka kutabasamu, ikamshinda.

Nyuma yao watu waliokuwa wakila obusuma, ugali wa matanga, walizungumza kwa sauti ndogo.

"Mama, nikuulize kitu," Sifuna alisema. "Si kwa ubaya. Ile simu ilikuwa inajua mimi ni nani kwake?"

Naliaka angeweza kumweleza habari za matoleo, na jinsi kitu kimoja kinavyoshikana na kingine. Alikuwa ameyaeleza mambo hayo kwa Protus, na Protus alitikisa kichwa bila kuelewa.

"Ilikuwa inajua," alisema. "Nasambu alisema mwenyewe, mapema, mimi nikiwepo. Halafu nikaiambia isimsikilize."

Sifuna hakugeuka. Naliaka alingoja, na moyoni alitamani amtukane, apige kelele, amwite muuaji mbele ya wote waliokuwa wanakula.

"Ni sawa, mama," Sifuna akasema. Maana mkwe hajibizani na mama mkwe wake.

Huo ndio uliokuwa wakati wa mkono. Naliaka aliuambia mkono wake utoke, akashangaa kuona haupo pale alipodhani. Ulikuwa ndani ya leso, umeishikilia chini ya kidevu. Hakukumbuka kujifunika kichwa. Hakukumbuka kugeuka. Lakini alikuwa amesimama upande upande, uso ameuelekeza kaburini, kama mama yao alivyosimama mbele ya wakwe zake, na kama Nasambu. Aliuambia mkono tena, kwa jina la Yesu, na vidole vikazidi kuibana leso.

Sifuna akadhani amemaliza na anataka kupita. Akarudi nyuma, akaingia ndani zaidi ya mahindi, ili kumwachia njia.